Nusu ya Pili ya Sala

Mama yangu alisali nusu nusu. Sisemi kwamba alikuwa mvivu wa sala. Mvivu wa sala nilikuwa mimi. Jioni, sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, ikiwa bado motoni, alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yetu huku Walikale, akashika rozari, akasema Salamu Maria kwa Kihunde, lugha ya kwetu, hadi pale anapoishia mwenye kuanzisha. Hapo alinyamaza. Alinyamaza kwa muda uleule ambao watu wangeuhitaji kuitika, kisha akaanza nyingine. Nusu ya pili haikusemwa na mtu yeyote.

Kwa asiyeijua rozari, sala ile ina wenyewe wawili. Mmoja anaanzisha, wengine wanamalizia, na hakuna anayegusa sehemu ya mwenzake. Mama alikuwa mwanzishaji. Kule Muheto, kwenye milima ya Masisi nilikozaliwa, aliongoza sala ya shirika letu tangu sijaota meno. Shirika ni nyumba za jirani zinazosali pamoja, na kwetu zilikuwa zile za upande mmoja wa mlima. Padri alifika akiruhusiwa na barabara, na barabara ile ilikuwa na roho mbaya. Kwa hiyo sisi watoto tulikua tukijua kwamba Kanisa ni watu waliotoka shambani na udongo miguuni, mmoja anaanzisha na wengine wanaitika. Padri alikuwa mgeni tuliyempenda. Sauti ya Mama haikuwa nzuri, ilikuwa kavu, lakini alikuwa na namna yake ya kukata neno mpaka mdomo wako unafunguka wenyewe. Nimewahi kuitika na kiazi cha moto mdomoni, nikaungua, na nikachapwa juu yake.

Vita vilipopanda mlima wetu, shirika lilitawanyika. Wengine walishuka Goma, wengine walijibanza Kibabi, wengine mpaka leo hatujui. Mimi nilikuwa nimeshaolewa huku Walikale, mume wangu akipeleka bidhaa njia ya Bisie, kwenye machimbo. Yeye ndiye aliyemleta Mama kwangu. Alifika amekonda, kikwembe kimechanika, rozari imefungwa kwenye pindo.

Siku za mwanzo nilijitolea kumwitikia. Nilikuwa na nguo za watu za kushona, mashine inaningoja, kwa hiyo niliitika haraka haraka ili tumalize. Mama alivumilia kidogo, halafu akaniwekea mkono juu ya goti.

"Acha, mwanangu. Unaitika sawa mutu anafukuza kuku ku mbegu."

Nilicheka, kisha nikakasirika. Mimi hasira yangu huja ikiwa imechelewa, lakini ikifika inakaa.

"Basi malizia mwenyewe, Mama. Mungu hataulizia mudomo ni ya nani."

Alinitazama kama mtu aliyesikia mtoto akitukana. Akaniambia habari aliyoipata zamani kwenye mafunzo ya makatekista, ambako padri mmoja aliwaeleza jinsi Wayahudi wanavyosali. Kwao, alisema, anayetamka baraka hajiitikii Amina. Wale wanaomsikia ndio wanaoitika. Na kuna sala, mojawapo ile ya mfiwa, ambazo kwa desturi hawazisomi mpaka wafike watu wazima kumi. Mfiwa hapewi nafasi ya kulia peke yake na Mungu wake kwenye kona. Anasimama katikati ya majirani, anaitangaza sifa ya Mungu, nao wanamwitikia. Mama aliipenda habari hiyo kupita kiasi. Aliishika kama hati ya shamba.

"Watu ya Yesu mwenyewe njo wanafanya vile," alisema. "Weye utawashinda? Mwenye kuanzisha hajiitike. Akijiitika, iko anajisemesha tu."

"Na sasa unanyamaza juu ya nani?"

"Ile ni nafasi yao. Kila mutu ya Muheto, fasi yoyote iko, saa ile anaitika. Mie nawangojea wamalize."

Nilitaka kumwambia kwamba baadhi yao hawawezi tena kuitika lolote. Lakini aliwajua kuliko mimi, na waliozikwa njiani aliwazika yeye. Nikarudi kwenye mashine yangu, na jioni zikapita hivyo, nusu inasemwa, nusu inangojwa. Nilianza kuizoea.

Jirani yetu ndiye hakuizoea. Alikuwa mama wa huku huku msituni, mjane, mwimbaji wa korali ya Waprotestanti iliyo ng'ambo ya barabara, mwenye sauti inayoweza kuita mbuzi wa kijiji kingine. Kihunde hakujua hata neno. Jioni moja aliingia kwangu bila hodi, unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko, akanijia juu.

"Dada, weye uko mutu ya namna gani?"

"Nimefanya nini tena?"

"Mama yako iko anakusemesha kila mangaribi! Anasema, anangoja. Anasema tena, anangoja. Na weye uko mu nyumba, mashini inalia tu. Kwetu hapa muzee akisema, mutu anamuitika. Hata mwenye kusimulia hadisi tunamupatia mutu ya kumuitika. Weye unamuacha anasema na miti?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hilo lilimwongezea moto. Ilibidi nimkalishe, nimpe maji, nimweleze moja baada ya jingine: kwamba ile ni sala, kwamba Mama haongei na mimi, kwamba kimya kile ni cha watu wa Muheto.

"Sala ya Maria?" aliuliza.

"Ya Maria."

"Ile siwezi. Pasta akisikia, atanitoa mu korali."

"Hakuna aliyekuomba, mama."

"Najua. Lakini nikisikia muzee anasema na hakuna mwenye kumuitika, inaniuma hapa." Akajipiga kifua, na unga ukabaki kwenye blauzi yake.

Kesho yake jioni Mama alianzisha, akafika pale pake, akanyamaza. Kutoka upande wa pili wa ua, juu ya majani ya ndizi, ikaja sauti ndefu na nzito: "Eeeeh!"

Mama aligeuza shingo. Akaanza nyingine, akanyamaza.

"Eeeeh!"

Mama alifunga rozari kwenye ngumi, akainuka, akaingia ndani. Hakula. Nilikwenda uani nikampasulia jirani yangu bila kuchagua maneno. Nilimwambia amekaa kwenye kiti cha watu waliokufa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imening'inia, akasema tu, "Nimemuitika, dada. Sikumutukana." Nikarudi nyumbani na hasira yangu, nikijua hakuwa na kosa.

Tangu siku hiyo Mama hakusali uani. Jirani alileta sahani ya sombe yenye mawese mazuri; Mama aliirudisha tupu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya tangu nizaliwe. Kisha akatangaza kwamba anarudi Muheto.

Wachuuzi walikuwa wamesema njia imefunguka, na kwamba nyumba chache upande wetu wa mlima zinatoa moshi tena. Njia kufunguka, kwa lugha yetu sisi tulioizoea, maana yake ni kwamba waliopita jana wamefika. Ya leo haijulikani. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia miguu yake haiwezi, kifua chake hakiwezi, na kwamba ikitokea lolote kule mimi sitafika hata kumzika. Niliogopa kweli, na niliongea kwa sauti ya juu kama kawaida yangu ninapoogopa.

"Kule hata akibakia mutu mumoja, ataniitika vizuri," alisema. "Hapa hata kimya yangu wameninyanganya."

Mume wangu alijaribu kwa upole, akashindwa. Ikapatikana nafasi kwenye lori lililoshusha mizigo huku na lililokuwa linarudi kupandisha Masisi. Nilimshonea kikwembe kipya nikilia juu ya mashine, nikajidanganya kwamba ni moshi.

Asubuhi ya safari lori lilisimama mbele ya nyumba, watu wakipanga magunia. Mama alikuwa ameshasimama uani, furushi mkononi, nami nafunga chapati kwenye kitambaa, wakati jirani alipoingia. Safari hii hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonishtua. Mwanawe wa pekee, kijana anayebeba mizigo ya watu kwa miguu kupitia msituni, hakuwa amerudi. Wenzake walifika jana bila yeye. Walisema mto ulijaa, walivuka kwa makundi, na upande wa pili hawakumwona.

"Pasta iko safarini," alisema. "Watu ya korali wako ku mashamba. Nimeingia mu kanisa miye peke. Nimeanza kuomba, sauti inaenda, hairudie. Nimeshindwa."

Nilimvutia kigoda. Alikataa kukaa. Alisimama pale katikati ya ua, akafumba macho, akaanza kuomba kwa lugha yake, ambayo mimi naisikia kidogo sana na Mama haisikii kabisa. Jina la Mungu nililitambua, na neno la mto, na neno la mtoto. Alifika mahali akaishiwa pumzi, akanyamaza.

Nikamtazama Mama. Alikuwa ameelekea barabarani, mguu mmoja tayari mbele. Nilijua kinachohitajika na nilijua ni kazi yangu mimi, niliyeitika maisha yangu yote, lakini nilikuwa nimejaa machozi na mdomo haukufunguka.

"Amina."

Sikuitambua sauti. Ilikuwa ndogo, imepauka, sauti ya mtu anayeingia nyumba asiyoijua. Mama yangu, aliyeanzishia mlima mzima, alikuwa hajawahi kuitika mbele yangu hata mara moja. Padri alipokuja, hata wimbo Mama ndiye aliyeutoa. Jirani alifumbua macho, akamwona, akayafumba tena, akaendelea. Akanyamaza.

"Amina," alisema Mama, na safari hii alikuwa amegeuka mwili mzima.

Wakaendelea hivyo. Mara furushi likashuka chini. Mara Mama akaacha Amina, akajaribu ile ya huku, "Eeh," fupi mno, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Jirani, machozi yakimtiririka, alimtikisia kichwa kwamba si hivyo. Mama akaivuta zaidi. "Eeeeh." Hapo nami nikapata mdomo wangu, nikaingia. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na vikapu vya kwenda shambani walisimama kwenye ua, wakaweka vikapu chini bila kuuliza kuna nini, wakaitika. Mmoja wao alikuwa Mkatoliki. Wa pili, watu husema, bado anapeleka chakula kwenye kaburi la babu yake. Walijua pa kuingilia, wote wawili.

Kijana alirudi baada ya siku chache, amevimba mguu, akisindikizwa na watu wa kambi moja ya ng'ambo waliomtunza. Mimi sitasema ni sisi tuliomrudisha. Asubuhi ile hatukujua lolote, na mama yake hakujua lolote, ila nilimwona mgongo wake ukinyooka kidogo kidogo kila tulipoitika, na hilo sitakubali mtu aniambie nimetia chumvi.

Lori lilipiga honi. Likapiga tena. Dereva akaita kutoka barabarani, "Muzee, tunaenda!"

Nilimtazama Mama. Nilikuwa nimeshasema yote, kwa sauti zote nilizonazo, na hakuna lililomgeuza. Jirani alikatiza sala yake mwenyewe. Alijifuta uso kwa mkono.

"Mama, enda," alisema. "Kamio itakuacha."

Mama alitazama barabara. Kisha alitafuta kigoda kwa mkono, akakivuta, akakaa mbele ya yule mwanamke, karibu kabisa, magoti yao yakikaribia kugusana.

"Iende," alisema. "Weye haujamaliza."

Nilitoka mbio kumwambia dereva amchukue mtu mwingine. Alinifokea juu ya muda wake, na mimi, mtu wa hasira, sikumjibu hata kidogo. Nilikuwa nawahi kurudi kuitika.