Benchi la Taisto la Kituo cha Basi

Taisto Hyvönen, seremala mstaafu wa Kuhmo, mji mdogo wa Ufini, alikuwa na hamu moja tu: mtu wa kuongea naye. Tangu mkewe afariki, nyumba ilikuwa imemwelemea. Lakini aseme hadharani? Thubutu! Kwao, bora ukiri wizi kuliko upweke. Basi akaliomba baraza la mji ruhusa ya kutengeneza benchi la kituo cha basi kwa mbao kuukuu, "ili watu wazoeane." Wakakubali, ila lisipojaa watu ndani ya mwezi mmoja, linang'olewa.

Akaunda benchi la watu sita kwa milango ya zamani. Siku ya kwanza akaja Hilkka, mjane wa ghorofa ya juu yake, akakaa ukingoni. Waliofuata wakaona mtu kakaa, basi, yamekwisha! Kwao, kukaa karibu na usiyemjua ni kukosa adabu. Watu watano wakasimama mvuani, wakiachana hatua mbili mbili, na chini ya paa nafasi tano kavu kabisa. Taisto naye akasimama nao. Ndiyo, mwenye benchi! Adabu ilimkaba.

"Jinga kubwa wewe," alijiambia akikausha soksi.

Juma la tatu, sauna ya mji, chumba cha kuogea mvuke, ikabomolewa. Taisto akakumbuka: mle ndani, maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto, watu wale wale walikuwa wakikaa uchi, paja kwa paja na wasiowajua, wakisimuliana talaka na bawasiri. Akazibeba mbao zake zote, akaliunda upya benchi kwa ngazi tatu, vile vile zilivyokuwa saunani.

Asubuhi ya mwisho wa mwezi, mzee mmoja akapanda ngazi ya juu, akanusa mbao.

"Leo joto hafifu," akasema.

"Si umwage maji, bwana!" akajibu asiyemjua.

Weee! Wakabanana wote. Mmoja alikwishafungua vifungo vitatu vya shati ndipo akashtuka. Basi likaja, likaondoka tupu.

Taisto akatafuta pa kukaa, hapakuwepo hata pa kuweka kofia. Roho ikamuuma.

"Songeni nyie!" Hilkka akafoka. "Taisto, njoo. Miaka minne tunaishi jengo moja, hata hodi hujapiga!"

Akajipenyeza. "Niliogopa kukusumbua."

"Nami hivyo hivyo. Kila jioni nakusikia unaongea, nikasema ana wageni."

Taisto akainamisha kichwa. "Naongea na birika."

Hilkka hakucheka. "Afadhali wewe, birika hupiga mluzi. Mimi naongea na friji."