Siku Niliyowatilia Magege Barafu

Jamani, aibu hii ningependa niende nayo kaburini, lakini kwa kuwa Muze nzima wanaijua na wanaicheka hadi leo, bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia ikiwa imetiwa chumvi.

Kikundi chetu pale Izia, mjini Sumbawanga, tulikuwa tunazalisha magege, wale perege wa asili wa Ziwa Rukwa ambao wavuvi wenyewe walilalamika kwamba hawawapati tena, tukawalea kwenye bwawa tulilolifunika nailoni ili baridi ya Sumbawanga isiwaue (kumbukeni hilo, maana mimi nililisahau). Wavuvi wa kule Muze, bondeni kando ya ziwa, wakakubali kuacha kuvua kwenye kona moja ya ziwa ili samaki wazaliane, kwa sharti moja tu, wawaone magege hao wakiwa hai. Kuwasafirisha nikakabidhiwa mimi, na kwa furaha niliyokuwa nayo asubuhi ile hata chai haikupita.

Tukateremka na pikapu, mimi nyuma nimekumbatia pipa la samaki, nimevaa sweta na koti juu yake, na kadiri tulivyoshuka bondeni joto likazidi, jasho likaniingia mpaka machoni, ndipo akili yangu ya mtu wa baridi ikaniuliza, kama mimi naungua hivi, hao waliomo humu wana hali gani? Tulipofika Muze nikasimamisha gari dukani, nikanunua mifuko ya barafu, nikaipasua na kuitumbukiza yote pipani (na nikajipongeza).

Ziwani tukakuta watu wamejaa, kwaya inaimba, wavuvi wamejipanga. Nafungua pipa kwa mbwembwe zote, magege wote wameelea matumbo juu.

Nilipiga yowe, nikapiga magoti kwenye tope na koti langu la kanisani, nikalia kilio cha msibani kabisa, nikitaja nilivyowalea na nilivyowaua, na kwaya kwa kuchanganyikiwa wakaacha wimbo wa shangwe wakaanza wa mazishi. Kiongozi wa wavuvi akasubiri ninyamaze kidogo.

"Basi, Mama Deo," akasema, "kesho nyavu zinarudi palepale."

Hapo nikalia upya. Bibi Tabu, muuza samaki, peke yake ndiye hakuwa na muda wa msiba. "Lia tu, mwanangu, lakini samaki hatupwi," akaniambia, akawamwaga kwenye beseni lake la maji ya ziwa yaliyopata moto juani tangu asubuhi, awaoshe akakaange. Akachukua kisu, akamwosha mmoja, akamwosha wa pili, akamshika wa tatu ampare magamba, gege akamchapa mkia shavuni.

"Huyu hajafa," akasema Bibi Tabu akijifuta. "Aliganda."

Beseni lote likaanza kuruka ruka. Sijui nilipata wapi nguvu, nililibeba nikakimbia nalo ziwani na sweta langu na koti langu, nikateleza, magege wakatangulia majini na mimi nikafuata kichwa kichwa, huku kwaya bado wanaimba wimbo uleule wa mazishi, sasa wakiupigia makofi. Nilitoka nimelowa chapachapa, nacheka na kulia kwa pamoja, sijawahi kufurahi vile.

Kona ile haivuliwi mpaka leo, na nimeapa sitamhurumia tena samaki kwa jasho langu mwenyewe. Ila nikishuka Muze nikaagiza soda, mwenye duka lile la barafu haniulizi, ananifungulia ya moto, na mimi nainywa hivyo hivyo.