Meli Aliyoichagua Mama Akiwa Ndani ya Eda

Siku ya tatu ya msiba wa baba, shangazi Zubeda aliingia chumbani alimokaa mama, mkononi ana bakuli la mchuzi.

"Wifi, hebu onja. Chumvi imekaa?"

Mama alikuwa mkekani, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Mume aliyeishi naye miaka thelathini na minane tulikuwa tumemzika juzi tu. Akalipokea bakuli, akaonja.

"Haijatosha. Na moto upunguzeni, wali utaungua."

Shangazi akatoka mbio. Hapo ndipo mama alipolia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu baba afariki.

Mama yangu, Bi Somoe, ni mpishi wa shughuli. Pale kwetu Tandika hakuna harusi, maulidi wala hitma iliyopita bila mkono wake. Alianza msichana mdogo, akimmenyea bibi vitunguu, na sasa masufuria yake makubwa yanajulikana mpaka Mbagala. Mtu akifiwa humtafuta yeye kabla ya kutafuta sanda. Hata eda za wajane huzihesabu yeye, maana siku mjane anapotoka eda hupikwa chakula, na mpishi lazima aijue tarehe. Hufuata mwezi unavyoandama, akichora mistari ya mkaa nyuma ya mlango wa jiko.

Baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na duka la vipuri vya majiko. Waliporudi Hijja miaka sita iliyopita alimwambia mama mbele yetu, "Somoe, safari ijayo uchague wewe. Mie kazi yangu kubeba begi." Mama hakuchagua. Kila mwezi uliingia na shughuli zake.

Siku ya kumi ya eda aliniita.

"Salumu, nataka kupanda meli. Zile nyeupe za watalii, zinazozunguka visiwani."

Nilidhani majonzi yanamsumbua. "Mama, baba ana siku kumi tu kaburini."

"Najua ana siku ngapi. Namhesabia mie."

"Watu watasemaje?"

"Watasema. Halafu watakula." Akaivuta kanga. "Mwanangu, maisha yangu sijawahi kuletewa sahani nikala bila kuulizwa chumvi. Hata Makka niliwapikia kundi zima. Na siku ya mume wangu nimeonjeshwa mchuzi! Sitaki tena."

Kusema kweli niliona aibu, na nilimwonea uchungu baba. Nikaenda kwa ustadhi wangu wa madrasa nikitarajia atamkataza. Akaniambia eda inamzuia mjane kutoka bila dharura, kujipamba na kuposwa. Kupanga safari ya baadaye hakumo. Lakini atahitaji maharimu, jamaa wa kiume asiyeweza kumwoa, wa kufuatana naye. Nilipomfikishia mama jibu hilo, alininyooshea kidole.

"Maharimu si huyu hapa?"

Basi nikaenda Kinondoni, kwenye ofisi ya wakala wa safari, nikampigia mama simu ya video ili achague mwenyewe. Binti wa ofisini aliitwa Anastasia.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe vyumba."

"Kuna vya ndani, havina dirisha, bei yake nafuu. Na kuna vyenye dirisha la baharini."

"Miezi minne nakaa ndani, halafu unitie ndani tena? Dirisha."

Alichagua siku saba: Unguja, Ngazija, kisha kisiwa cha Nosi Be na kurudi. Aliuliza nyama inachinjwaje. Anastasia hakuwa na hakika, akaahidi kuwaandikia wenye meli, na mama akasema wakichelewa kujibu atakula samaki. Kuhusu kibla, alisema simu itaonyesha, na meli ikigeuka naye atageuka.

"Na jikoni je, abiria anaruhusiwa kuingia?"

"Hapana mama, ni marufuku kabisa."

"Alhamdulillahi! Andika jina langu."

Alilipa kwa akiba yake na fungu lake la mirathi. Ilikuwa meli ya mwisho ya msimu. Ya kufuata ni mpaka Desemba.

Ilibaki wiki moja shangazi Zubeda alipokuja na kalenda ya duka la sabuni, imezungushwa kalamu nyekundu.

"Nimehesabu. Miezi minne na siku kumi ni siku mia na thelathini. Meli inaondoka siku ya mia na ishirini na tisa. Hutoki, wifi. Utamvunjia kaka yangu heshima, na Mungu hapendi."

Mama hakuinuka. Alinituma nikaufungue mlango wa jiko, mistari ya mkaa ionekane.

"Kaka yako amefariki magharibi ile Rajabu ilipoandama. Rajabu siku ishirini na tisa, Shaabani thelathini, Ramadhani ishirini na tisa, Mfunguo Mosi thelathini. Ongeza kumi. Ngapi?"

"Mia na ishirini na nane," nikajibu mimi.

"Eda ni ya mwezi, Zubeda, si ya sabuni. Shemeji Hashil alipofariki nani alikuhesabia? Ulitoka siku mbili kabla ya kalenda ya ukutani, ukawahi harusi ya Najat, ukacheza mpaka kiatu kikakatika. Nilikosea siku ile?"

Shangazi aliikunja kalenda taratibu, akaitia mkobani.

Siku kumi za Mfunguo Pili zilipotimia, mama alioga, akaswali, akavaa baibui jipya. Asubuhi yake nilikwenda makaburini nikamsomea baba Yasini, nikamweleza kwamba begi nitalibeba mimi. Niliporudi, bajaji ilikuwa mlangoni, na shangazi naye, anahema.

"Wifi, Mzee Romani, yule aliyesilimu, hitma yake Ijumaa! Watu mia tatu. Nani atapika?"

Mama aliingia jikoni, akatoka na mwiko wake mkubwa, ule mrefu kama kasia. Akamkabidhi.

"Wewe."

"Mie? Chumvi yenyewe siijui!"

"Utaonja," mama akasema, akapanda bajaji.