Gesi ya Zuleide

Zuleide Furtado alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa São Mateus, mjini Juiz de Fora, na kwa miaka tisa alitunza tangi la kioo la mimea ya majini na samaki ambalo watu wote waliliita la mumewe. Osmar ndiye aliyelileta nyumbani, hilo halina ubishi. Alipanda majani, akajisifu chamani kwa wafuga samaki wenzake, kisha akalichoka. Picha zikaendelea kwenda chamani kwa jina lake.  Zuleide alishona, na akichoka kushona alipogoa majani kwa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi.

Gesi ndiyo aliyoijua kuliko wanachama wote. Mimea ya majini huila gesi ya ukaa ipate kustawi, lakini ikizidi, samaki hukosa pumzi. Wanachama wengine waliifungua asubuhi na kuifunga taa zinapozimwa. Zuleide aliuacha mtungi wake utoe gesi usiku na mchana, kidogo kidogo, kipovu kimoja kimoja, huku pampu ikitibua uso wa maji ili hewa iingie. Kichupa cha dawa ya kupimia gesi kilichobandikwa ndani ya kioo kilikaa kijani, rangi ya salama, mwaka mzima, na samaki arobaini walizunguka bila wasiwasi.

Osmar alipofariki kwa maradhi ya moyo, chama kiliamua kwamba mwaka huo waamuzi wa shindano lake la matangi wangekuja nyumbani kwao, siku ya Jumamosi, kwa heshima ya marehemu. Alhamisi akaja Evaldo, mdogo wake Osmar, naye akiwa mmoja wa waamuzi hao.

"Shemeji, hii gesi haizimwi?"

"Haizimwi."

"Hata usiku? We mama, utawaua samaki wa kaka!"

"Mwaka wa tisa huu. Umemsikia aliyekufa?"

"Bahati tu. Kaka alikuwa na mkono wake. Wewe mambo yako sindano." Akacheka, akachukua mkate wa jibini wa tatu kwenye sahani.

"Kula ushibe, shemeji. Ila valvu hiyo usiiguse."

"Nani kaigusa? Macho hayana pazia."

Ijumaa saa mbili asubuhi Zuleide alikwenda kumpima bibi harusi gauni. Aliporudi saa nane mchana, samaki walikuwa wamejazana juu ya maji, midomo wazi, wengine tayari wamelala ubavu. Kichupa kilikuwa cha njano, rangi ya gesi iliyozidi. Pampu ilikuwa imepunguzwa hata maji yametulia kama ya kwenye sufuria, na kwenye plagi ya mtungi palikuwa na saa ya umeme ya kuizima gesi usiku. Kwa kuwa gesi ingelala imefungwa usiku, aliyeiweka saa hiyo alikuwa ameifungua valvu mara tatu ya kawaida, ili ifidie mchana. Juu ya kioo palikuwa na karatasi: "Nimekurekebishia. Utanishukuru. Evaldo."

Ufunguo alioingilia Evaldo ulikuwa wa marehemu.

Zuleide alifunga mtungi, akachota maji na kuyamimina kutoka juu kwa jagi, tena na tena, hadi mikono ikafa ganzi. Walipona wanne.

Kesho yake waamuzi walisimama mbele ya kioo, kofia mikononi.

"Si nilisema?" Evaldo alitikisa kichwa. "Gesi usiku na mchana! Shemeji wangu ni mbishi."

Zuleide akampa mwenyekiti wa chama ile karatasi. "Isome kwa sauti, mzee, na wenzako wasikie."

Mwenyekiti aliisoma kimoyomoyo, akakohoa, akaikunja. "Bi Zuleide, haya ni mambo ya familia. Mmalizane nyumbani."

"Nyumbani ni hapa. Na mwenye kosa huyo hapo."

 Waamuzi wakapiga picha ya majani, wakaaga. Kwenye sherehe ya chama, ngao ya kumbukumbu ya Osmar Furtado ilipokewa na Evaldo, kwa niaba ya ukoo. Zuleide hakualikwa. Habari aliletewa na mteja aliyekuja kupunguziwa sketi, pamoja na maneno yaliyozagaa chamani: kwamba mjane ndiye aliyewaua samaki.

"Na wewe umewajibu nini?" Zuleide akamuuliza.

"Ningejibu nini, mwenzangu? Mimi sijui mambo ya samaki."

Zuleide alibadilisha kitasa cha mlango. Gesi akairudisha kama zamani, kipovu kimoja kimoja, na majani yakajaza kioo yakapendeza kuliko mwaka wowote. Hakuja mtu kuyatazama. Samaki wa mwisho alikufa mwezi wa Agosti. Zuleide alimtoa kwa kijiko, akanawa mikono, akaendelea na pindo la pazia la jirani.