Tenti ya Kambi Imetuletea Matanga

Kama uko Webuye na umuone baba watoto, tafadhali mwambie mamake yuko hai.

Sikieni basi.

Tulipanga kupeleka watoto kambi Mlima Elgon. Kijana wa miaka kumi na sita hataki kulala na wadogo, wa miaka tisa anaogopa fisi, wa mitatu bado anakojoa usiku. Tenti za kukodi ni bei, nikaazima ile kubwa nyeupe ya kanisa letu hapa Kitale.

Leo tukaenda kuijaribu Ndalu, kwa mama mkwe, tukaisimamisha hapo uani kwake. Juzi tu ametoka hospitali.

Na huku kwetu tenti nyeupe kwa boma ni matanga. Mimi nilisahau aje, bana?

Jirani wa kwanza akaingia na kuni kichwani, analia. Nyuma yake wengine sita. Tayari mtu alikuwa amempigia baba watoto. Yuko njiani, na simu yangu hashiki!

Mama mkwe akatoka nje. Nikaanza kuomba msamaha.

Akavuta kiti, akaketi.

"Wacha ikae. Nataka kuona nani hajakuja."