Uso Niliorudi Nao Muyinga

Nyuki wa Muyinga waliniuma, nadhani wilaya nzima ya nyuki, uso ukavimba kuliko sufuria ya harusi. Nikajipiga picha niwachekeshe wenzangu wa masomo ya jioni kule Gitega. Simu yangu hupanga picha kwa kupima nyuso, basi ikaniweka pamoja na picha za marehemu baba. Nilicheka mpaka mashavu yakaniuma upya.

Shangazi yangu wa huko Muyinga haoni. Baba alizikwa Tanzania bila yeye kumgusa, kwa hiyo hakukubali kwamba amekufa. Kila nikimtembelea aliuliza kaka yake atarudi lini. Jioni hiyo alinishika uso kunisalimu. Vidole vikapita kwenye nyusi, vikashuka kidevuni, vikasimama.

"Kaka," akasema, "mbona umechelewa hivi?"

Simu haikuwahi kukutana na baba, shangazi hajawahi kuona picha, na wote wawili walimkuta kwangu.

"Njia ilikuwa ndefu, dada," nikajibu kwa midomo ile minene. Sauti ilitoka ya baba kabisa.

"Haya. Kapumzike."

Uvimbe ulishaisha. Shangazi hajauliza tena.