Kukodoleana Macho

Televisheni siiheshimu, na sitarajii kuiheshimu. Nimewaona watu wazima wenye akili timamu wakiacha nsima, ugali wa huku, ipoe ili wamtazame mwanamke anayeamka asubuhi na rangi ya mdomo tayari imepakwa. Anamkodolea mumewe macho, mume anamkodolea yeye, muziki unapiga kelele, kipindi kimekwisha. Kesho wanarudi kukodoleana tena. Upuuzi mtupu.

Kwangu, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kuna redio. Inakaa kando ya cherehani, na mchezo wa kuigiza wa Jumamosi ukianza naacha kushona. Mlango ukilia redioni, unauona mlango, huhitaji kuonyeshwa. Mama, ambaye macho yalimwishia tangu tukiwa Bukavu, alikuwa akikaa karibu yangu. Akianza kubahatisha nani atafanya nini, nilimwambia, "Mama, nyamaza kwanza, tusikie." Redio inataka adabu.

Kisha dada yangu mdogo akamchukua akae kwake Lilongwe kwa muda, na muda ukarefuka. Nilikasirika. Kumkalisha kipofu mbele ya televisheni! Tena tamthilia yenyewe ni ya Kiingereza, na mama hajui Kiingereza hata cha salamu. Nilimkumbuka kuliko nilivyotaka kukiri, basi nikafunga safari kwenda kumrudisha. Nilipita soko la Tsoka nikamnunulia redio ndogo, yake mwenyewe.

Niliwakuta sebuleni, viti vyote vimeelekezwa kwenye lile dude. Picha zilikuwa zinaendelea, sauti hakuna. Nikadhani limeharibika, nikafurahi. Kumbe watoto wa dada walikuwa wameizima sauti kwa makusudi.

"Koko, bwana ameingia," mmoja wao akamwambia bibi yake. "Ameshika kofia mu mikono."

"Kofia mu mikono? Basi bamemufukuza ku kazi," mama akasema, "na anaogopa kuambia muke yake."

Akamsemea yule bwana kwa sauti nzito ya kubembeleza, halafu akamjibia mke, kwa ukali. Watoto wakacheka hadi wakashikana. Dada alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, harufu ya kuungua ikitoka jikoni.

Nikamwekea mama redio mapajani. "Mama, turudi nyumbani. Leo ni Jumamosi, mchezo wetu unaanza."

Aliipapasa, akanishukuru, akanirudishia. "Utasikiliza we. Mi niko bien, niko muzuri huku."

"Mbele ya hii takataka? Mama, hauoni kitu!"

"Kwako, mtoto yangu, nilikuwa nanyamaza."

Hakulisema kwa hasira. Ningependa angekasirika, tugombane. Akawageukia wajukuu. "Na yule mwanamuke, anafanya nini sasa?"

"Hakuna kitu, koko. Anamuangalia tu bwana yake."

"Anamuangalia tu?" Mama akajisogeza mbele kwenye kiti. "Basi iko na maneno mingi yule. Mungojee."